Paka, Mlinzi wa Ghala

Katika vilima vya Masisi watu huvuna maharagwe na mahindi. Huko Walikale, penye msitu, huvuna mpunga na karanga. Palipo na mavuno, panya hakawii kufika. Ndiyo sababu paka hupewa nafasi karibu na mafiga.

Lakini twamlipaje mlinzi huyu? Wengine humnyima chakula kusudi awinde kwa bidii. Hilo ni kosa. Paka huwinda kwa tabia yake ya asili, si kwa njaa tu. Mwenye njaa ndiye aibaye samaki chunguni, kisha hupigwa. Wengine hutega sumu: panya huila, paka humla panya, na wote wawili hufa. Hata mtoto mdogo aweza kuiokota sumu hiyo.

Mapigano ya mwaka 2025 yaliwafukuza watu wengi wa Masisi na Walikale majumbani mwao. Mama akimbiaye na mtoto mgongoni na sufuria kichwani, atambebaje paka? Wahenga walisema, paka akiondoka, panya hutawala. Basi arudiye na debe moja tu la mbegu, panya waweza kumwangamizia shamba kabla halijalimwa.

Kwa hiyo, wewe ambaye paka wako amezaa, usiwatupe watoto wake mtoni. Wangojee miezi miwili, waache kunyonya. Kisha mpelekee mmoja jirani yako aliyerudi. Zawadi ni ndogo, lakini italinda mbegu yake.