Tarehe ya Kurudi Iandikwe Siku ya Kuondoka



Januari 2025, Goma ilipoangukia mikononi mwa M23, kundi letu la WhatsApp halikulala. Nusu walisema vijana wetu warudishwe leo leo. Nusu wakajibu kwamba anayesema hivyo ni msaliti, JWTZ halikimbii. Mimi nilikaa kimya. Asubuhi yake jirani yetu hapa Nkuhungu, mama ambaye kijana wake alikuwa huko, akanisimamisha njiani: "Mwanangu, wewe si unasoma sheria? Hivi wanarudi lini?"

Sikuwa na jibu. Nikarudi ndani nikafungua Katiba. Nayo haina jibu.

Twende taratibu. Ibara ya 44 inasema Rais akitangaza hali ya vita, nakala ya tangazo inaenda kwa Spika, na ndani ya siku 14 Bunge linaitishwa kujadili kama liunge mkono au la. Safi. Lakini nani alitangaza vita dhidi ya M23? Hakuna. Vita vya siku hizi havitangazwi, vinaitwa operesheni au ulinzi wa amani. Wanajeshi wanaondoka kwa ibara ya 148, inayompa Amiri Jeshi Mkuu mamlaka ya kuliamuru jeshi ndani au nje ya Tanzania. Hapo hakuna Spika, hakuna siku 14, hakuna kura. Ibara ya 44 imebaki pambo.

Matokeo yake tunayaona. Machi 2013 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 2098 na kuunda brigedi maalumu ya kupambana na waasi mashariki mwa Kongo. Ilikuwa na askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, na kamanda wake wa kwanza alikuwa Mtanzania. Ilipewa mwaka mmoja. Mmoja! Kabla 2013 haijaisha M23 ilikuwa imepigwa, na tulijivunia kwa haki kabisa. Lakini mwaka ukaongezwa, ukaongezwa tena. Desemba 2017 kambi ya Semuliki ilishambuliwa, tukapoteza vijana wasiopungua 14 kwa siku moja. Mwishoni mwa 2021 M23 ikarudi. Desemba 2023 tukaingia tena kupitia jeshi la SADC, nalo kwa miezi 12 ya kuanzia. Aprili 2024 kombora likaua askari wetu watatu. Goma na Sake zilipowaka, jeshi likatangaza vifo vya wengine wawili.

Katika miaka yote hiyo, wabunge waliokaa pale kwenye jengo ninalolipita kila nikienda mjini hawakuwahi kutakiwa na Katiba kupiga kura hata moja juu ya swali la yule mama.

Sasa niseme na wenzangu wa "warudi leo". Nawaelewa, ila kutoa jeshi vitani si kukata tiketi stendi ya Nanenane. Goma ilipoanguka, uwanja wa ndege ulifungwa na barabara zikawa mikononi mwa waasi. SADC ilifunga operesheni ile tarehe 13 Machi 2025, na wanajeshi wakaanza kuondoka mwisho wa Aprili, kwa barabara, kupitia Rwanda. Rwanda hiyo hiyo ambayo wataalamu wa Umoja wa Mataifa wanasema inaisaidia M23, ingawa yenyewe inakana. Ukishafika mahali ambapo njia ya kurudi nyumbani inategemea ridhaa ya upande wa pili, neno "leo" halina maana tena. Swali la lini warudi lilitakiwa kuulizwa Desemba 2023, kabla hawajafunga mabegi.

Na wenzangu wa "msaliti": Afrika Kusini wana jeshi na wana siri zao. Lakini kifungu cha 201 cha Katiba yao kinamtaka Rais alieleze Bunge haraka sababu ya kutuma askari, mahali, idadi na muda. Kwa operesheni hii hii, Ramaphosa aliliandikia Bunge: askari 2,900, kuanzia 15 Desemba 2023 hadi 15 Desemba 2024, randi bilioni 2. Hapo Kenya, ibara ya 240 inataka Bunge liidhinishe kabla jeshi halijapelekwa nje. Nani atasema hao ni wasaliti?

Tutaambiwa kutaja tarehe ni kumpa adui siri. Siri gani? Muda wa majeshi ya Umoja wa Mataifa unajadiliwa New York mbele ya kamera. Wa SADC unatangazwa kwenye taarifa za wakuu wa nchi. Kamanda wa M23 anausoma kwenye simu yake. Asiyeulizwa ni mbunge wa Dodoma, na asiyeambiwa ni mama wa Nkuhungu.

Sidai kwamba kura ya Bunge ni dawa ya kila kitu. Kenya waliingia Somalia Oktoba 2011 na hiyo Katiba wanayo, na miaka ikapita wakiwa huko. Bunge la kugonga meza litaongeza muda kila likiombwa, na sisi Bunge la kugonga meza tunalijua. Hata sisi wenyewe, Kampala ilipoanguka Aprili 1979, askari wetu walibaki Uganda hadi 1981, na ile miezi 18 ya kufunga mkanda aliyoomba Mwalimu wazee wetu wanajua iliishia wapi. Na ile ilikuwa vita ya haki. Hata vita ya haki inahitaji mtu wa kuuliza inaisha lini. Kura inampa mbunge sababu ya kuuliza, na sisi inatupa jina la kumdai.

Kwa hiyo tukisema Katiba Mpya tusiishie kwenye Tume Huru. Tuongeze na hili: jeshi likitumwa nje, ndani ya siku zile zile 14 Bunge lipewe sababu, mahali, idadi, gharama na tarehe ya mwisho, kisha lipige kura. Kuongeza muda, kura nyingine. Askari akifa au akijeruhiwa, Bunge lielezwe.

Kijana wa jirani yetu alirudi salama, Mungu ni mwema. Mama yake alijua tarehe ya kurudi siku aliposikia hodi. Mgombea yeyote akija kukuomba kura, awe wa kwao au wa kwetu, muulize hili kabla ya barabara na maji. Akijibu kwamba mambo ya jeshi hayajadiliwi, msomee ibara ya 63: kazi ya Bunge ni kuisimamia Serikali kwa niaba ya wananchi. Hakuna mahali imeandikwa "isipokuwa jeshi".