Kikulacho Ki Nguoni Mwako

Wasomaji wenzangu, hebu fikirieni nyumba ya jirani inashika moto, wazimamoto wanaitwa, wanafika mbio, halafu badala ya maji wanamwaga mafuta taa! Ni kichekesho, sivyo? Basi ndivyo ilivyo katika riwaya ya Fahrenheit 451, aliyoitoa Mmarekani Ray Bradbury mwaka wa 1953. Humo kazi ya wazimamoto ni kuchoma vitabu. Montag ni mmoja wao, na anaipenda kazi yake, mpaka Clarisse, msichana wa miaka 17, anapomwuliza kama ana furaha.

Nilipoazimwa kitabu hicho na mjomba, nilidhani ni hadithi ya serikali katili tu. Kumbe! Beatty, mkubwa wa Montag, anaeleza kwamba mambo hayakuanza na serikali. Watu wenyewe walichoka kusoma. Vitabu vikafupishwa, na ufupisho nao ukafupishwa. Kila kundi likalalamikia neno lililoliudhi, nalo likaondolewa. Moto ulikuja baadaye, kumalizia tu. Mildred, mke wa Montag, amezungukwa na kuta tatu za televisheni na anadai ya nne. Mumewe anapomwuliza walikutana wapi mara ya kwanza, hakumbuki.

Ajabu ni kwamba kitabu hiki nacho kilikatwakatwa. Mwaka wa 1967 mchapishaji alianza kutoa toleo la shule, akiwa amebadilisha vifungu zaidi ya 75 ili kuondoa maneno aliyoona hayafai vijana. Kufikia 1973 toleo hilo tu ndilo lililouzwa, naye mwandishi hana habari! Bradbury mwenyewe aliandika mwaka wa 1979 kwamba wanafunzi ndio waliomwandikia barua kumjulisha. Mwaka uliofuata maneno yake yakarudishwa.

Mimi siwalaumu wazee wanaotaka kujua tunasoma nini. Mzazi ana haki ya kuuliza. Lakini anayekata kimya kimya anatunyima hata nafasi ya kuuliza. Heri mtu aniambie, "Kurasa hizi ni nzito, njoo tuzizungumze," kuliko kunipa kitabu chenye mashimo nisiyoyaona.

Hata hivyo, wenzangu, tusiwanyoshee wengine kidole. Sisi pia tuna wembe wetu, nao unaitwa mwongozo. Nakiri makosa: muhula uliopita nilisoma mwongozo wa tamthilia bila kuifungua tamthilia yenyewe. Maswali nilijibu, alama nikapata, nikatembea kifua mbele. Siku moja dadangu mdogo akaniuliza kile kitabu kinahusu nini. Nikamtajia maudhui matano na sifa za wahusika, moja baada ya nyingine. Akanitazama, akasema, "Sasa hadithi yenyewe ni ipi?" Jamani, nilinyamaza! Hakuna mzimamoto aliyekuja kwetu na kiberiti. Kitabu nilikichoma mwenyewe, tena kingali kwenye mkoba.

Mtasema mtihani uko karibu na masomo ni mengi. Ni kweli, na mwongozo una kazi yake: unamfaa aliyekwisha kusoma na anataka kukumbuka. Ila ukitangulia, unakuwa kama kutafuniwa chakula na mtu mwingine. Utashiba vipi?

Kwa hivyo napendekeza kwamba kila mwanachama wa chama chetu asome kitabu kimoja kizima kila muhula, kisha asimame mkutanoni atusimulie bila karatasi. Walimu watusaidie kuulizana maswali, hata yale magumu.

Mwishoni mwa riwaya hii, Montag anawakuta watu waliotoroka mji. Kila mmoja amehifadhi kitabu kichwani ili kisipotee duniani. Nilipofika hapo nilijiuliza: ningekuwa pamoja nao wakanigeukia, ningewapa nini? Maudhui matano na sifa za wahusika?

Na wewe je, msomaji?