Mtuite kabla ya kuchora ukuta wa bustani yetu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nitoe malalamiko ya wakazi wengi wa Kashikishi, hapa Nchelenge, Zambia. Ukuta wa bustani ya umma unataka kuchorwa picha kubwa, na habari zimetufikia mchoro ukiwa umekwisha: simba, twiga, tembo na jua linalotua. Tulipouliza, tukajibiwa kwamba fedha ni za mfadhili na mkataba umeshatiwa saini. Hatukuitwa mkutanoni, si sokoni, si kwa wavuvi, si kwenye kata.

Picha naitaka, tena naitaka sana. Ninachokataa ni kuamuliwa. Choo cha soko kikiombwa kutoka Mfuko wa Maendeleo ya Jimbo, ombi hupitia Kamati ya Maendeleo ya Kata, watu wakajadili. Tangu 2022, mfuko huo ulipopandishwa kutoka kwacha milioni 1.6 hadi milioni 25.7 kwa kila jimbo, tumeanza kuzoea kuulizwa tunahitaji nini. Kwa nini kitu tutakachokitazama kila siku kwa miaka kipite kimyakimya, eti kwa sababu fedha zake zimetoka kwingine?

Tungeulizwa, tungeanza na mpumbu. Vijana wengi hapa hawajui kwamba samaki huyo ndiye aliyekuwa fahari ya ziwa letu la Mweru. Mvua zilipoanza alikuwa akipanda mto Luapula kwenda kutaga mayai, na nyavu zikawa zinamngoja humo humo njiani. Kufikia mwisho wa miaka ya 1940 makundi yale makubwa yalikuwa yameanguka. Huyo achorwe mkubwa kuliko vyote, tumbo limejaa mayai, nyavu mbele yake. Kila mwaka uvuvi hufungwa kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari ili samaki wapate kutaga, na kila mwaka tunagombana juu ya kufungwa huko. Tangazo la karatasi halimfikii kila mtu. Picha ya mpumbu ingeeleweka na Mbemba, na mchuuzi anayevuka kutoka Kilwa ya upande wa Kongo, na ndugu zetu waliokimbia vita wakapokelewa Mantapala tangu 2018, ambao wengi wao lugha yao ni hii hii ninayoandikia. Kando yake wawekwe kina mama wanaoanika chisense, wale samaki wadogo wa ziwa, mchangani. Twiga hajawahi kumlisha mtu wa hapa.

Wala tusiambiwe kwamba mambo ya kijijini hayafai kuwa sanaa. Ng'ambo yetu, Katanga, Pilipili Mulongoy aliingia karakana ya uchoraji iliyofunguliwa Lubumbashi mwaka 1946, akapata jina kwa kuchora samaki na ndege. Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu, Tanzania, alipochora kuta za kanisa la Murang'a, Kenya, miaka ya 1950, alimweka Yesu Mwafrika katikati ya vilima vya Wagikuyu, na mpaka leo watu husafiri kwenda kuziona kuta hizo. Alichora kilichokuwa mbele ya macho ya waumini wake.

Jambo la kazi yenyewe nalo linanisumbua. Ukuta ule unapigwa na upepo wa ziwa, na chini plasta imeanza kuvimba kwa unyevu. Rangi ikipakwa juu ya hapo itabanduka masika ya kwanza. Inabidi plasta mbovu ikwanguliwe, ipigwe mpya na iachwe ikauke kabisa, kisha ipakwe rangi ya msingi, na haya yote yafanyike kiangazi, kabla mvua za Novemba hazijafika. Mafundi wanaochora vibao vya vinyozi na kuta za baa hapa mjini wanayajua haya kwa mikono yao. Hakuna hata mmoja wao aliyeitwa.

Kwa hiyo tunawaomba wahusika wasimamishe kazi hiyo kwanza. Waitishe mkutano wa wazi kwa Kibemba na Kiswahili, viongozi wa jadi na wavuvi wakiwepo. Michoro mitatu ibandikwe sokoni kwa mwezi mzima watu waione na kuisema. Mafundi wa hapa waajiriwe kwa malipo yanayojulikana, majina yao yaandikwe ukutani, na sehemu ya fedha itengwe kwa ajili ya kupaka upya rangi itakapochakaa. Mfadhili akiona masharti haya ni mazito, ukuta ubaki mweupe mpaka apatikane mwingine.

Msomaji wako,
Kashikishi, Nchelenge