Mdudu wa Kidole Si Mdudu

Ukiamka hapa Tabora kidole kinapwita na ngozi ya pembeni ya kucha imewiva, jirani atakupa jibu kabla hamjamaliza salamu: "Una mdudu." Makosa mengi ya tiba yanaanzia kwenye jina hilo.

Dai la kwanza ni kwamba mdudu yumo, atolewe kwa pini. Hayumo. Ngozi inayokumbatia shina la kucha ni kizibo. Ukiing'ata, ukichomwa mwiba, au mpaka rangi akiikata na mkasi wake ili kucha "itakate", bakteria wanapenya, mara nyingi wale wale wanaoishi juu ya ngozi yetu siku zote. Kile kiuzi cheupe ambacho shangazi hukinyanyua kwa ncha ya pini akisema "huyu hapa" ni usaha ulioganda. Pini yenyewe husukuma uchafu chini zaidi. Tena wakati mwingine kidole huota malengelenge madogo ya virusi vya herpesi, ambayo hayatakiwi kutumbuliwa hata kidogo.

"Mbona wazee walitoa wadudu kwa pini?" Walitoa, ila miguuni. Huyo ni funza, tekenya kwa wengine, na hakuwa mwenyeji wetu. Alitoka Amerika ya Kusini, akashuka Ambriz, pwani ya Angola, kwa meli ya mwaka 1872. Kabla karne haijaisha, funza alikuwa amevuka bara na kufika Zanzibar, akisafiri na misafara ndani ya nyayo za watu. Fikiria mpagazi wa Kinyamwezi, peku, frasila mbili begani, kucha za miguu zimeoza kwa kiroboto asiyefika milimita moja. Jike hujichimbia pembeni ya kucha, akavimba kama choroko na kuacha kitundu cheusi cha kutolea mayai. Huyo ndiye mdudu kweli. Hata yeye, pini ya kuazimana nyumba kwa nyumba huleta pepopunda na homa ya ini. Siku hizi yapo mafuta ya dimethikoni, yanapakwa na kumziba pumzi humohumo alimo.

Turudi kidoleni. Wanasema usikitie maji, kitaoza. Kwa uvimbe wa juzi au jana, maji ndiyo tiba ya kwanza ya nyumbani: ya moto kiasi cha kuvumilika, yajaribu kwa kiwiko, kidole kikae dakika 10 hadi 15, mara tatu au nne kwa siku. Chumvi weka ukitaka. Kazi inafanywa na joto. Kausha vizuri, funga kitambaa safi.

Mama ntilie asinielewe vibaya, maana kwake onyo hilo la maji lina ukweli. Mikono inashinda kwenye beseni la vyombo, ngozi ya juu ya kucha imejitenga na kucha, zenyewe zimeota matuta kama barabara ya vumbi, na hali hiyo imepita wiki sita. Kizibo kimefunguka, na sabuni, maji na fangasi vinaingia wakati wote. Huyo maji ndiyo adui wake. Avae glavu za mpira juu ya za pamba, na ngozi ile isikatwe.

Kuhusu kufungua kidonge cha rangi mbili na kumwaga unga wake kidoleni: kidonge kile kimetengenezwa kumezwa. Unga unaganda, usaha unabaki chini ya ganda, na bakteria wanaoonjeshwa dawa kidogo kidogo hujifunza kuishinda. Mafuta ya taa huunguza ngozi. Kinyesi cha ng'ombe, sijui hata nianzie wapi. Vijidudu vya pepopunda hukaa humo.

Usaha ukishajikusanya, au una kisukari, au homa imepanda, au umeona mstari mwekundu ukipanda mkononi, acha beseni uende zahanati. Wataganzisha kidole, wainue pindo la ngozi kidogo, usaha utoke. Mara nyingi kupwita kunakoma hapohapo. Ukipenda, omba uione pamba waliyofutia usaha. Tafuta miguu ya mdudu.