Sindano ni ya Kila Mkono

Jioni moja katika mtaa wa Tuwan, mjini Kitale, nilikaa barazani pamoja na majirani baada ya mkutano wa wazazi. Mazungumzo yalipofika juu ya watoto na kazi za nyumbani, nilisema kuwa kila mtoto, wa kike na wa kiume, yampasa afundishwe kushona kwao kabla hajatimiza miaka 12. Mzee mmoja, baba wa wana watatu wa kiume, alinitazama kwa huruma kama mtu amtazamavyo mgonjwa wa homa. Akasema, "Mwalimu, mimi simlipii mtoto karo ili aje kushika sindano. Kushona kuna mafundi wake. Na mafundi wasipokuwapo, wako dada zake." Watu wakacheka. Nami nikanyamaza, kwa kuwa si adabu kushindana na mkubwa mbele ya watu. Lakini kunyamaza si kukubali, na haya ndiyo majibu niliyoyaweka moyoni tangu siku ile.

Kwanza nieleze nitakalo, nisije nikasingiziwa nisilolitaka. Sisemi kila mtoto awe fundi cherehani. Cherehani yenyewe ni mgeni wa juzi: Elias Howe wa Marekani alipewa hataza ya cherehani yake mwaka 1846, na Isaac Singer akapewa yake mwaka 1851. Kabla ya hapo walimwengu walivikwa kwa mkono na sindano kwa maelfu ya miaka. Nitakalo ni mambo matano tu: mtoto ajue kutunga uzi, kutia kifungo, kupinda pindo, kuunga mshono uliofumuka, na kutia kiraka. Mambo hayo hayahitaji mashine wala chumba cha darasa. Sindano moja na uzi kidogo hupatikana katika duka lolote la mtaa kwa fedha asizozikosa hata kibarua.

Sasa tuipime hoja ya mafundi. Mimi nawaheshimu mafundi wa nguo. Kazi yao ni ya halali na ustadi wao ni mkubwa. Lakini mtu hamwiti mwashi kuja kupangusa vumbi dirishani. Fundi ni wa kukata suti na kushona gauni la arusi. Kifungo kilicholegea ni cha mwenye shati. Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta, na nguo huuthibitisha usemi huo upesi kuliko nyumba. Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za Julai kuna baridi inayopenya mifupa. Nimeona sweta ya mtoto wa shule ikianza na tundu dogo kama punje ya kunde kwenye kiwiko. Juma la pili tundu lilikuwa kama shilingi. Mwisho wa mwezi mkono mzima ulichungulia nje. Tundu lile lingaliweza kutililiwa, yaani kufumwa upya kwa uzi wa sufu, katika jioni moja. Badala yake mama alinunua sweta nyingine kwa fedha alizoziweka akiba ya madaftari. Nani aliyepata faida hapo? Si mtoto, wala si mama, wala hata fundi.

Tena fundi hakai mlangoni kwako saa zote. Nilipokuwa darasa la sita, kaptura yangu ilipasuka nyuma asubuhi nikiwa njiani kwenda shule. Nilikaa kwenye dawati kutwa nzima bila kuinuka. Mwalimu aliuliza swali la hesabu ambalo jibu lake nililijua. Akaniita kwa jina, akaniamuru nisimame. Sikusimama. Akanihesabu kuwa mjinga na mkaidi, nikaadhibiwa kwa yote mawili. Jioni nilimwendea nyanya nikilia, nikalalamika juu ya mwalimu na juu ya kaptura. Nyanya akasikiliza mpaka mwisho, kisha akanitia sindano mkononi, akasema, "Mjukuu wangu, kaptura haina kosa. Shona." Mshono wangu wa kwanza ulikwenda upande kama njia ya ng'ombe, lakini kesho yake nilisimama darasani. Tangu siku ile sijapata kuamini kwamba kushona ni jambo dogo.

Hoja ya pili ya mzee yule ilikuwa kwamba sindano ni ya mabinti. Hoja hiyo nashangaa jinsi inavyoweza kutamkwa katika kaunti ya Trans Nzoia. Hapa ndipo penye mahindi, na mahindi hutiwa maguniani, na midomo ya magunia hufungwa kwa nini? Kwa sindano na kamba! Kila msimu wa mavuno wanaume wa nchi hii, vijana kwa wazee, hushika sindano ndefu ya gunia, wakashona gunia la kilo 90 kwa mishono imara ambayo haifumuki hata likitupwa juu ya lori. Hakuna amchekaye mwanamume huyo. Hakuna amwambiaye amefanya kazi ya dada yake. Basi ni ajabu gani hii, kwamba mkono uliosifiwa kwa kushona gunia hupata aibu kwa kushona kola ya shati? Je, mahindi ni bora kuliko mtoto atakayevaa shati lile?

Tutazame pia mabaraza ya maduka, tangu Kitale mpaka Bungoma, na tangu Bungoma mpaka Mombasa. Wengi wa mafundi wanaokanyaga cherehani barazani ni wanaume. Daktari wa upasuaji naye, amalizapo kazi yake, hushona ngozi ya mgonjwa kwa sindano na uzi. Kushona kukilipwa huwa kazi ya wanaume. Kusipolipwa huwa kazi ya dada. Huo si mgawanyo wa kazi. Ni dhuluma iliyovikwa joho la desturi. Na mwana wa kiume ndiye anayedhulumiwa pia, maana siku atakayokwenda kukaa peke yake chumbani, chuoni au kazini, dada yake hatakuwapo, na kifungo hakitajua kwamba yeye ni mwanamume.

Wako wanaosema, "Kwa nini tushone, na mitumba ni rahisi? Nguo ikichanika, hununuliwa nyingine." Maneno haya yana utamu wa kuonja na uchungu wa kumeza. Kwanza, mtumba wenyewe hutaka sindano: suruali huwa ndefu, mkono huwa mpana, zipu huwa imekufa. Ajuaye kushona hununua nguo iliyokataliwa na wenzake, akaitengeneza ikawa ya heshima. Asiyejua hulipa zaidi na kupata pungufu. Pili, urahisi wa mitumba una gharama ambayo hatuioni sokoni. Eldoret, mwendo wa kilomita 70 hivi kutoka Kitale, kuna kiwanda cha nguo cha Rivatex kilichoanzishwa mwaka 1976. Kiwanda hicho kilianguka, mashine zikanyamaza na wafanyakazi wakatawanyika, mpaka Chuo Kikuu cha Moi kilipokinunua mwaka 2007. Sababu za kuanguka kwa viwanda vyetu vya nguo ni nyingi, na wingi wa nguo kuukuu kutoka ng'ambo ni mojawapo. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki waliazimia kuikomesha mitumba ifikapo mwaka 2019. Kenya ikajitoa katika azimio hilo. Siwalaumu maskini kwa kuvaa mitumba. Mimi nami huivaa. Lakini nasema kwamba watu wasioujua uzi wala mshono hawawezi kupima thamani ya kitambaa, wala hawasikii hasara kiwanda chao kikifungwa.

Mwaka 2020 tulipata funzo. Ugonjwa wa korona ulipoingia nchini mwezi wa Machi, uingizaji wa mitumba ulisimamishwa kwa miezi kadhaa. Na mwezi wa Aprili ikaamriwa kila mtu avae barakoa hadharani. Huko Kitui kiwanda cha nguo cha kaunti kiligeukia kushona barakoa, na katika mitaa yetu kila mwenye sindano alikata kipande cha kanga au cha shuka, akawafunika watu wa nyumba yake. Asiyejua alisimama dukani akingoja bei apangiwe na mwingine. Barakoa ni nini? Ni kipande cha kitambaa chenye mapindo manne na kamba mbili. Mtoto wa miaka 10 aliyefundishwa kwao angaliweza kuishona kabla uji haujachemka.

Kuna jambo jingine ambalo watu hulisema kwa kunong'ona, nami nitalisema kwa sauti. Wako wasichana wanaokosa masomo siku kadhaa kila mwezi kwa sababu hawana sodo. Sheria ya mwaka 2017 iliipa serikali wajibu wa kuwagawia wanafunzi sodo bila malipo, na wajibu huo hatuachi kuudai. Lakini hedhi haingoji mgao. Msichana ajuaye kushona aweza kujitengenezea sodo za pamba safi, za kufuliwa na kuanikwa juani, akaenda shule bila hofu. Na ndugu yake aliyeketi naye akashona naye hatapata la kumcheka darasani, kwa kuwa amekwisha kujua kuwa ni haja kama haja nyingine. Hapa sindano si pambo la nyumba. Ni ufunguo wa mlango wa shule.

Mwisho huja wale wanaosema, "Shule itawafundisha." Shule ni rafiki yangu, lakini mitaala huja na kwenda. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 ulitilia mkazo masomo ya ufundi na sayansi kimu. Baadaye masomo hayo yakapunguzwa. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, ulirudisha kazi za mikono. Nini kilichotokea majumbani? Nimewaona wazazi wakikesha kutengeneza kazi iliyoagizwa mtoto, au wakimlipa fundi aishone, na asubuhi mtoto akaipeleka shuleni kama yake. Mwalimu akampa alama. Alama ya nini? Ya kujifunza uongo akiwa mdogo. Mzazi aliyeshindwa kumpa mtoto sindano jioni moja amempa hila ya maisha yake yote.

Lakini nawaonya na wale watakaokubaliana nami kwa pupa. Kumfundisha mtoto kushona si kumfanya kibarua, akae na nguo za jirani usiku kucha ilhali vitabu vyake vimelala. Wala sindano isiwe adhabu, kwani akipendacho mtu hukifanya vema, na alichoadhibiwa nacho hukikimbia. Mwanzo, mpe mtoto kipande cha gunia na sindano nene isiyochoma, apitishe uzi juu na chini. Kisha mpe kifungo. Kikikaa kombo, usikitoe ukakishona mwenyewe. Mwache akivae kombo, ajionee, akirekebishe. Samaki mkunje angali mbichi, lakini mkunje pole pole asivunjike.

Na wewe mwanafunzi usomaye maneno haya, usingoje wazazi wako washindwe au washinde katika hoja za barazani. Fungua sanduku lako leo jioni. Hapana shaka limo shati lisilo na kifungo, au sketi iliyoachia pindo, au soksi iliyotoboka kidoleni. Muombe mama, au baba, au nyanya, au fundi wa jirani akuoneshe mara moja. Kisha fanya mwenyewe, na ukimaliza mfundishe mdogo wako. Mzee wa Tuwan alisema hamlipii mtoto karo ili ashike sindano. Ni kweli, na sindano haina karo. Ndiyo maana hakuna nyumba, iwe ya mabati au ya mawe, yenye udhuru wa kutoifundisha.