Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Shirika la Madini la Taifa (STAMICO)

Ndugu Mkurugenzi,

Nakuandikia kutoka Mamboya, katika milima ya Ukaguru, wilaya ya Kilosa, ambako mkaa wa miti ni riziki ya wengi, hata mwaka 2012 baadhi ya vijiji vya wilaya hii vikaanza kuuvuna kwa zamu ili visiki vipate kuchipua tena.

Serikali, kwa mkakati uliozinduliwa Mei 2024, imeazimia asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034, nanyi mmetuletea Rafiki Briquettes, mkaa mbadala wa makaa ya mawe ya mgodi wa Kiwira. Niliufurahia kwa ajili ya msitu. Lakini tukisha kuunusuru mti hatuna budi kumnusuru na mpishi, yule mama wa jikoni shuleni atokaye kila adhuhuri akifuta macho kwa ncha ya kanga.

Makaa ya mawe yana salfa, ambayo wazee wa pwani waliijua kwa jina la kiberiti, nayo ikiungua hugeuka hewa kali iwashayo macho na kubana kifua. Desemba 1952 moshi wa makaa hayo ulichanganyika na ukungu wa London, wakafa maelfu ya watu, hata Uingereza ikatunga Sheria ya Hewa Safi mwaka 1956.

Lakini ipo njia ya kuipunguza salfa hiyo: misindano inapopasuliwa mbao, iwe ya Ukaguru au ya Sao Hill, huacha vumbi, maranda na mabanzi, ambayo aghalabu huchomwa bure pasipo kuivisha hata chungu kimoja. Vumbi hilo karibu halina salfa. Likikaushwa, likachanganywa na makaa yaliyosagwa na chokaa kidogo, kisha likashindiliwa kwa mtambo, kama Wajapani walivyokwisha kufanya kwa mabaki ya mimea, hushika moto upesi na kuyasaidia makaa kuungua badala ya kufuka, na sehemu ya salfa hufungwa na chokaa ikabaki jivuni. Sidai kwamba madhara yataondoka yote: kaboni monoksidi, isiyo rangi wala harufu, ingali yaweza kumwua alalaye na jiko chumbani.

Naomba, basi, mjaribu mchanganyo huo katika jiko lenye dohani la shule moja ya huku, makande yapikwe majuma kadhaa, hewa aivutayo mpishi ipimwe, kisha kadiri ya vumbi, chokaa na salfa ichapwe kwa Kiswahili juu ya kila gunia, pamoja na onyo la kutolala na jiko ndani.

Wasalaam,
Mkazi wa Mamboya