Farasi wa mdomo hawavuti gari: peleka ndai yako mizani

Leo nataka tugombane kidogo.

Hapa Isiolo kila Subaru yenye egzosi ya kelele iko na farasi 300. Hakuna ya 180, hakuna ya 220. Ni 300 kuenda juu. Ukiuliza nani aliwahesabu hao farasi, unajibiwa, "Buda, kwani husikii hiyo sauti?" Sauti! Kama sauti ndiyo nguvu, basi punda wa kubeba maji mtaani kwetu angekuwa ameshinda Safari Rally mara tatu.

Msimamo wangu ni huu, na sitautoa: gari ambayo hujapima uzito wake, hujui farasi wake. Uko na hadithi tu.

Naanza na brathe wangu mmoja, jina nitaliacha. Mwaka jana aliuza ng'ombe wawili wa kwao, akaongeza na pesa ya sacco, akanunua Impreza WRX. Aliyemuuzia alimwambia iko na farasi 320 kwa sababu "imeguswa". Kiwanda kiliitoa ikiwa na 250. Hizo 70 za juu zilikuwa zimeandikwa wapi? Mdomoni mwa muuzaji. Baada ya miezi michache akaanza kuona gari ni nzito kuamka. Fundi mmoja akamwambia alipe elfu 85 abadilishiwe tena programu ya injini. Na jamaa alikuwa tayari ameanza kutafuta mnunuzi wa fahali wa tatu.

Hapo ndipo nilimwambia, hebu ngoja. Wewe umekulia sokoni ya mifugo. Dalali akikuja, anashika mgongo wa fahali, anaangalia angani, anasema "huyu ni kilo 250." Wewe unajua ni 300, lakini huna mizani, kwa hivyo bei ni ya dalali. Sasa mbona kwa ng'ombe unashtuka, lakini kwa gari unakubali kupimiwa na macho?

Tukaenda kwa mizani ya malori. Mzee wa pale alituangalia akacheka: "Vijana, mzigo uko wapi?" Nikamwambia, "Mzee wangu, mzigo ni sisi." Akatutoza kitu kidogo, tukapanda.

Karatasi ya kiwanda inasema gari kama hiyo ni karibu kilo 1,400. Mizani ikasema 1,640. Nikadhani imeharibika. Halafu tukaanza kuhesabu: sisi wawili ni kama 150. Boksi la spika na amplifaya, 50. Jerikeni ya maji ya lita 20, hiyo ni kilo 20 bila mjadala. Jeki, spana, zulia na rimu kubwa zikamaliza. Mizani ya lori inaruka kwa kilo 20, kwa hivyo hatuwezi kuapia kila kilo, lakini 240 za ziada si makosa ya mizani. Hiyo ni kama kubeba watu watatu usiowaona kila siku, na wewe unalia gari imezeeka.

Sasa farasi. Wengi wanadhani lazima uende Nairobi kwa daino. Daino ni poa, lakini uijue. Kwanza, inapima nguvu iliyofika kwenye tairi. Kiwanda huongea juu ya nguvu iliyo kwenye injini, kabla gia na shafti hazijala yao, na gari ya kuvuta magurudumu manne hupoteza zaidi. Pili, na hii ndiyo watu hawaambiwi, Nairobi iko juu, zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi. Injini isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 3 kwa kila mita 300 unazopanda. Kwa hivyo kompyuta ya daino hurekebisha namba, ikuonyeshe kile gari ingetoa ikiwa pwani. Sawa kwa gari ya kawaida. Lakini turbo tayari inajisukumia hewa na kufidia sehemu kubwa ya hasara. Ukiirekebisha kwa kiwango kile kile, karatasi inakuzawadia farasi ambao hawako Nairobi, hawako Isiolo, na hata Mombasa hutawapata. Ukiletewa karatasi ya daino, uliza swali moja: namba imerekebishwa ama ni ile mbichi?

Njia ya pili ni hesabu ya fizikia ya sekondari, ile tulisema hatutawahi kuitumia maishani. Nguvu ya kubadilisha mwendo inategemea vitu vitatu: uzito, mwendo wa kuanza na kumaliza, na sekunde ulizotumia. Chukua nusu ya uzito, zidisha na tofauti ya mwendo uliopigwa mraba (kwa mita kwa sekunde), gawanya kwa sekunde. Unapata wati. Wati 735.5 ni farasi mmoja wa kile kipimo Wajapani hutumia.

Tulitoka asubuhi na mapema upande wa barabara ya Archer's Post, mahali imenyooka na unaona mbali. Gia ya tatu, kutoka 60 hadi 100, basi. Hatukupita 100 kwa sababu hiyo ndiyo sheria, na kipimo hakihitaji zaidi. Mimi niko na simu inarekodi mwendo kwa setilaiti, yeye macho barabarani. Tulienda na kurudi mara tatu, ili mteremko na upepo zijifute. Wastani: sekunde 3.9.

Piga hesabu na kilo 1,640: kilowati 104. Ongeza kama 9 za kupasua hewa na kubingirisha tairi. Jumla 113, yaani farasi 154 kwenye tairi. Huo ni wastani wa safari yote ya 60 hadi 100. Kilele kiko juu kidogo, na kwenye injini juu zaidi. Lakini hata nikimhurumia vipi, simfikishi 250 ya kiwanda. Hiyo 320 hata tusiiongelee.

Na angalia vile uzito unaweza kukudanganya. Kama ningeandika kwenye simu kwamba gari ni kilo 2,000, ingeniambia farasi wameongezeka kwa zaidi ya asilimia 20. Gari ni ile ile, sekunde ni zile zile. Hivyo ndivyo picha nyingi mnazotumiana zinapikwa.

Wacha nimalize stori. Brathe hakulipa ile elfu 85. Namba mbaya ilitufanya tutafute sababu, na tukapata paipu ya turbo iko na ufa, hewa inatoroka. Paipu ikabadilishwa kwa pesa ya kawaida kabisa, spika na jerikeni zikabaki ndani ili tusijidanganye, tukarudi barabara ile ile. Sekunde 3.5. Farasi 170 kwenye tairi. Kumi na sita wamerudi nyumbani bila kuuza fahali.

Kuna wale watasema mimi ni hater, kampuni zenyewe haziwezi kukosea. Haya basi. Mwaka 2001 Mazda ilikubali kwamba MX-5 iliyouza Marekani ikitangazwa kuwa na farasi 155 ilikuwa na 142, na ikajitolea kuyanunua tena hayo magari kwa wenye kutaka. Na Japani kwenyewe, kuanzia mwisho wa miaka ya 80 hadi 2004, makampuni yalikubaliana yasiandike zaidi ya 280, hata pale injini ilikuwa inatoa zaidi. Karatasi inaweza kudanganya kuenda juu na kuenda chini. Mizani na saa hazina rafiki.

Wengine watasema uzito si muhimu bora farasi ni wengi. Mwulize Patrick Njiru. Safari Rally ya 1993 alishika namba 12 kwa jumla na kushinda daraja lake, akiwa na Subaru Vivio. Hiyo ni gari ya injini ya cc 658. Ile ya dukani yenye nguvu zaidi ilikuwa na farasi 64, na uzito wa karibu kilo 700. Kidude kikafika.

Na sasa kitu ambacho kinanisumbua kuliko ringa zote. Zile kilo 240 za ziada hazikuchelewesha gari pekee. Breki ni zile za kiwanda, na sasa zinasimamisha asilimia 17 zaidi. Mwendo ndio mbaya kabisa: ukitoka 100 kuenda 140, nguvu ambayo breki inapaswa kumeza inakaribia mara mbili. Sisi hapa barabara ya kuenda Moyale tunaishi na ngamia wanaovuka usiku, na watoto wanaofuata mbuzi. Jamaa anayeamini ako na farasi 320 anaingia kupita lori akijua gari "itaamka". Haiamki, kwa sababu iko na 154 na boksi la spika. Huo uongo unalipwa na mtu wa upande ule mwingine wa barabara, ambaye hata hakujua mnashindana.

Kwa hivyo siwaambii mtoke mkapime kwa 200. Nikiona video yako ya 200 kwenye hiyo barabara, sitaisambaza. Nasema hivi: kabla ya kununua, omba mizani. Kabla ya kulipia programu, pima sekunde, kagua mapaipu, toa spika. Na kabla ya kuniambia farasi 300, nitumie picha ya risiti ya mizani kwanza. Ikiwa huna, tuongee tu juu ya rangi ya gari. Rangi ni poa, kusema ukweli.